Moshi wa Fort Bragg: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kambi, msitu wake na maji

Kila mwaka, kuanzia Januari hadi Juni hivi, simu yangu hujaa picha za wingu la moshi na swali moja: "Dada, kambi inaungua?" Wanaouliza ni Waswahili waliohamia Fayetteville, North Carolina, kwa kazi, kwa masomo au kwa sababu mwenza wao kavaa gwanda. Mimi naishi jirani na kambi hiyo kwa sababu hiyo hiyo ya gwanda, na nimeshajibu mara nyingi kwa ujumbe mfupi usiotosheleza. Haya ndiyo majibu marefu.

Moshi ule unatoka wapi? Kambi inaungua?

Haiungui, inachomwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo habari yote ya msitu huu.

Fort Bragg ni kambi kubwa sana: zaidi ya ekari 160,000, na wanajeshi zaidi ya 50,000, wakiwemo askari wa miamvuli wa Divisheni ya 82. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo si majengo wala viwanja vya gwaride. Ni msitu wa misonobari juu ya mchanga mweupe. Msitu umegawanywa vipande, na kila kipande huwashwa moto takriban kila baada ya miaka 3. Wafanyakazi wa misitu husubiri siku yenye upepo unaofaa na unyevu wa kutosha, kisha hutembea kwa mstari wakidondosha moto chini kutoka kwenye kopo la mafuta lenye ulimi unaowaka. Barabara za mchanga zinazotumiwa na magari ya jeshi ndizo hizo hizo zinazozuia moto usivuke kwenda kipande cha jirani.

Nimewahi kusimama kando ya barabara kuu nikautazama ukipita upande wa pili wa uzio. Ndimi zilifika gotini, chache zikafika kiunoni. Moto ulikula majani makavu, ukazunguka shina, ukaendelea na safari, na mti ukabaki na soksi nyeusi miguuni na kijani chake chote juu.

Mtu anautunzaje msitu kwa kuuchoma?

Swali hili nililiuliza mimi mwenyewe, tena kwa ukali. Nimekulia Mafinga, Tanzania, katikati ya misonobari ya shamba la miti la Sao Hill, na kule neno "moto" likipigwa kelele mchana wa Oktoba kila mtu anatoka na tawi bichi na jembe. Msonobari wa Sao Hill, ule uliotoka Meksiko, ukipitiwa na moto mkubwa umekwisha, na pamoja nao ada za shule za watoto wa watu wengi. Kwa hiyo mtu akiniambia moto ni dawa ya msonobari, nilihisi ananidanganya.

Lakini mti wa hapa ni mwingine. Huu ni msonobari wa sindano ndefu. Sindano zake hufika hadi sentimita 45. Miaka yake ya mwanzo hauoneshi dalili ya kuwa mti. Unakaa chini kama kichaka cha majani, miaka 2, 5, wakati mwingine zaidi ya 10, ukipeleka nguvu zote kwenye mzizi. Moto ukipita, sindano zinaungua nje lakini zinakifunika chipukizi cha katikati kisiguswe. Siku ukijiona tayari, unaruka juu kwa kasi ili kichwa chake kiwe juu ya ndimi za moto kabla moto mwingine haujaja. Ukishakua, gome lake nene linautosha.

Wasio na kinga hiyo ni washindani wake. Mialoni midogo na vichaka, vikiachwa miaka 10 bila moto, hufunga msitu, kivuli kinakuwa kizito, na mche wa msonobari unafia chini. Halafu kuna majani ambayo huku wanayaita majani waya, membamba na makavu, ndiyo yanayoubeba moto kutoka mti hadi mti. Majani hayo hutoa mbegu nzuri hasa baada ya kuunguzwa katika msimu wa kuota. Yaani moto unahitaji majani, majani yanahitaji moto, na mti unavihitaji vyote viwili.

Zamani radi ndiyo iliyowasha, pamoja na watu wa asili wa nchi hii. Misitu ya namna hii ilienea karibu ekari milioni 90, kutoka Virginia hadi Texas. Ikakatwa mbao, ikakamuliwa utomvu wa kutengenezea lami ya meli, ikageuzwa mashamba, na kisha ikazuiwa kuungua kwa miongo mingi kwa nia njema. Ilifika mahali ikabaki kama asilimia 3 tu. Moja ya masalia bora ya msitu huo yamo ndani ya uzio wa jeshi.

Kambi inaitwa nani sasa hivi?

Fort Bragg. Ilianza kama Camp Bragg mwaka 1918, ikawa Fort Bragg mwaka 1922, ikaitwa Fort Liberty mwaka 2023, na mwaka 2025 ikarudishiwa jina la Bragg, ikisemwa kwamba safari hii anayeenziwa ni askari wa Vita Kuu ya Pili, Roland L. Bragg, na si Braxton Bragg, yule jenerali wa majimbo yaliyojitenga ambaye kambi ilipewa jina lake mwanzoni. Vibao vimebadilishwa, lakini misonobari ni ile ile.

Ni kweli ndege mdogo aliwahi kulizuia jeshi la Marekani?

Ni kweli, na ningependa watu wakijue kisa hiki kizima.

Kuna kigong'ota mdogo, mweusi kwa mweupe, mzito kama gramu 45 hivi. Dume ana alama nyekundu kando ya kichwa, ndogo kiasi kwamba hata mwenye darubini huikosa. Vigong'ota karibu wote hutoboa mti uliokufa kwa sababu ni laini. Huyu hutoboa msonobari ulio hai. Lazima uwe mzee, miaka 80 au zaidi, ambao kuvu wameanza kuulainisha kiini. Kazi ya kuchimba shimo moja humchukua mwaka, mara nyingi miaka. Kisha huzungushia mlango wake vishimo vidogo na kuvichokonoa kila siku ili utomvu usikauke. Ukiukuta mti huo unautambua kwa mbali: shina limejaa utomvu mweupe ulioganda kama nta ya mshumaa uliokesha. Nyoka anayepanda miti kutafuta mayai akifika hapo magamba yananata, anateremka. Nimeugusa utomvu huo kwa kidole. Sabuni haikuutoa, mafuta ya kupikia ndiyo yaliyoutoa.

Ndege hao huishi kifamilia. Watoto wa kiume wa mwaka jana hubaki nyumbani kuwalisha wadogo zao, jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Familia isipokuwa na miti mizee haina pa kulala, na miti mizee ndiyo iliyokwisha. Kwa hiyo ndege huyu aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1970, na sheria ya mwaka 1973 ikampa ulinzi wenye meno: taasisi yoyote ya serikali kuu, jeshi likiwemo, haina ruhusa ya kumhatarisha.

Mwaka 1990 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilitoa maoni rasmi kwamba shughuli za Fort Bragg zinamweka ndege huyo hatarini. Mazoezi yakabanwa. Miti yenye mashimo ilivikwa mistari ya rangi nyeupe, na ndani ya futi 200, yaani mita kama 60, kutoka mti huo, hakuna kuchimba handaki wala kupiga kambi. Piga picha: kamanda ana askari wanaotakiwa kuwa popote duniani ndani ya saa chache, na ramani yake ya mazoezi imejaa duara za kigong'ota. Hasira ilikuwa kubwa, na sidhani ilikuwa hasira ya kijinga.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niuheshimu mpango huu. Badala ya kupigania sheria ifutwe, kambi iliajiri wanabaiolojia na kuongeza moto. Pia walianza kuwatengenezea ndege nyumba. Mtu anapanda mti kwa ngazi, anakata tundu kwa msumeno, anapachika kisanduku cha mbao chenye shimo tayari, anakiziba kando. Kazi ya ndege ya miaka inamalizwa na binadamu kabla ya chakula cha mchana. Mbinu hii ilipata umaarufu baada ya kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kuangusha miti mingi yenye mashimo huko South Carolina. Vifaranga nao huvutwa nje taratibu wakiwa na siku chache tu, uchi na vipofu, wakavishwa pete za rangi miguuni, wakarudishwa. Kwa pete hizo kila familia inajulikana.

Mwaka 2006 Fort Bragg na ardhi jirani zilifikia lengo la familia 350, miaka 5 kabla ya muda uliopangwa. Masharti ya mazoezi yakalegezwa, kwa kuwa ndege walikuwa wameongezeka. Nchi nzima, makundi yalitoka kama 1,470 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi takriban 7,800. Oktoba 2024 kigong'ota huyu alishushwa daraja rasmi: hahesabiwi tena kuwa karibu kutoweka, ingawa bado analindwa.

Na habari za kipepeo anayeishi kwenye mabomu?

Zipo, na si hadithi. Kipepeo wa Mtakatifu Fransisko aligunduliwa Fort Bragg mwaka 1983. Ni wa kahawia, mdogo, ana vidoa kama macho kwenye mabawa, na duniani kote anajulikana kuwepo ndani ya kambi hii tu. Baada ya kuwa kipepeo kamili huishi siku 3 au 4.

Viwavi wake hula majani ya jamii ya ndago yanayoota kwenye unyevunyevu ulio wazi, usiofungwa na miti. Mahali pa namna hiyo hutengenezwa na vitu viwili: moto, na biva, yule mnyama anayejenga mabwawa kwa vijiti na matope. Nje ya kambi biva walikuwa wamewindwa mno na moto umezimwa. Ndani, kwenye maeneo ya kuangukia makombora ya mizinga ambako hakuna binadamu anayekanyaga, makombora huwasha moto mara kwa mara na biva hujenga bila kusumbuliwa. Ndiko kipepeo aliponea. Watafiti walipoelewa hivyo, wakaanza kuiga: wanakata miti na kuweka mabwawa madogo ya mpira yanayojazwa hewa au maji, mahali pengine mbali na makombora, ili kipepeo apate makao ya ziada.

Kwa hiyo jeshi linapenda mazingira?

Sitakuambia hivyo. Jeshi linapenda mazoezi. Msitu uliochomwa vizuri ni wazi, unaruhusu askari kutembea, kuona na kushuka kwa mwamvuli bila kunasa kwenye vichaka, na hautoi moto mkali kila kombora linapotua. Msitu mzuri kwa kigong'ota umegeuka kuwa uwanja mzuri kwa askari. Aidha, sheria iitwayo Sikes, ya mwaka 1960 na iliyoongezewa nguvu mwaka 1997, inailazimisha kambi yenye maliasili za maana kuwa na mpango wa maandishi wa kuzitunza.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ni mtumiaji mkubwa wa mafuta kuliko taasisi nyingine yoyote duniani. Msitu wa ekari laki moja na ushei haufuti hilo. Lakini nimeishi hapa vya kutosha kuona kwamba utunzaji uliofungwa kwenye mahitaji ya kazi hauyumbi kirahisi. Wanaotunza kwa sababu wanaihitaji ardhi kesho asubuhi wanaamka mapema kuliko wanaotunza kwa hotuba.

Kwa nini jeshi linawalipa watu wa nje ya uzio wasijenge?

Kwa sababu jirani mpya akijenga chini ya njia ya ndege, mwaka wa pili analalamikia kelele, na mwaka wa tatu mbunge wake anauliza maswali. Na kigong'ota naye akikosa miti ya nje, mzigo wote unabaki kambini.

Ndipo mwaka 1995 jeshi likashirikiana na shirika la The Nature Conservancy kununua ardhi au kumlipa mwenye ardhi akubali, kwa mkataba unaofuata shamba hata likiuzwa, kwamba halitakatwa viwanja. Mwenye ardhi anabaki na shamba lake, analima, anavuna sindano za msonobari za kutandaza bustanini, ila mtaa wa nyumba 300 hautajengwa hapo. Mwaka 2002 Bunge la Marekani likaufanya utaratibu huo kuwa sheria kwa kambi zote nchini.

Mwaka huo huo wa 1995, eneo hili la Sandhills lilianzisha jambo jingine lenye hekima. Wenye mashamba walikuwa wakikata misonobari kabla haijazeeka, wakihofia kigong'ota akija watanyang'anywa uhuru wa ardhi yao. Serikali ikawaandikia makubaliano: tunza miti, ndege wakiongezeka kwako hatutakuongezea masharti. Hofu ikapungua, na miti ikaachwa izeeke.

Zile sola juu ya ziwa ni za nini?

Ziko Camp Mackall, tawi la Fort Bragg, kwenye ziwa la Big Muddy. Zilizinduliwa Juni 2022: megawati 1.1 zinazoelea majini, pamoja na betri kubwa. Wakati ule zilikuwa kubwa kuliko zote za kuelea katika majimbo ya kusini mashariki.

Umeme safi ni sababu moja. Sababu nyingine ni kutokubaki gizani. Aprili 2019 kambi ilijizimia umeme yenyewe kwa kama saa 12, bila kuwaambia wakazi, ili kuona kingeharibika nini, kisha ikaomba radhi. Halafu tarehe 3 Desemba 2022, katika kaunti ya Moore iliyopakana na kambi, watu wasiojulikana walivipiga risasi vituo viwili vya kupozea umeme. Wateja kama 45,000 wakakaa gizani siku kadhaa, wakati wa baridi. Baada ya hapo hakuna jirani yangu aliyeuliza tena betri ni ya nini.

Vipi kuhusu maji? Tunywe?

Hapa ndipo sifa zangu kwa jeshi zinaishia, na ninaomba msisome haraka.

Katika jimbo hili hili, Camp Lejeune, kambi ya wanamaji wa nchi kavu, watu walikunywa, wakapikia na kuogeshea watoto maji yenye kemikali za kusafishia mashine na za dobi kuanzia mwaka 1953 hadi 1987. Huenda waliofikiwa ni hadi watu milioni 1. Wengi wamezika watoto. Sheria ya kuwaruhusu kudai fidia mahakamani ilipita Agosti 2022, miaka 35 baada ya maji hayo kuacha kutumiwa.

Tatizo la sasa ni kemikali zinazoitwa za milele kwa kuwa haziozi. Zilikuwemo kwenye povu la kuzimia moto wa ndege, lililomwagwa kwenye viwanja vya mazoezi kwa miongo mingi na kuzama hadi kwenye maji ya ardhini. Wizara ya Ulinzi inachunguza zaidi ya maeneo 700. Aprili 2024 shirika la mazingira la Marekani liliweka kikomo kwa kemikali mbili kati ya hizo: sehemu 4 katika trilioni.

Ukiwa na maji ya bomba, mtoa huduma anatakiwa kukupa ripoti ya ubora kila mwaka. Iombe, na kama Kiingereza chake kinakushinda tafuta mtu akusomee. Ukipanga nyumba yenye kisima, usisaini kabla maji hayajapimwa. Kuyachemsha hakusaidii kitu kwa kemikali hizi. Kwetu tumezoea kwamba maji yakichemka yamepona, na mazoea hayo hapa yanaweza kukudhuru.

Mambo haya yanahusu nini nyumbani?

Yanahusu sana. Machi 2021, wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza huko Lolldaiga, Laikipia, moto ulishika na kuteketeza maelfu ya ekari. Wakazi walidai miaka mingi, na mwaka 2025 Uingereza ilikubali kuwalipa walalamikaji zaidi ya 7,000. Silaha za moto juu ya majani makavu ni hatari ile ile popote. Hapa kuna vipande vilivyochomwa kabla, barabara za mchanga, na watu wanaolipwa kuangalia upepo. Mtu wa Nanyuki ana haki ya kuuliza kama na kwake vilikuwepo.

Nami huikumbuka kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, ya Mafinga, vijana wakikimbia na nyimbo alfajiri na miche ikisubiri kupandwa. Kupanda tunajua. Kilichonigusa huku ni kwamba kazi kubwa inaanza baada ya kupanda, na inaandikwa kwenye kalenda ya miaka 50 ijayo.

Siasa zimebadilika. Mpango utafutwa?

Mwaka 2025 uongozi mpya wa Pentagon ulitangaza kuachana na kazi za mabadiliko ya tabianchi. Uchomaji wa msitu na ulinzi wa kigong'ota havikutoka huko. Vinasimama kwenye sheria za mwaka 1960 na 1973. Cha kuangalia ni bajeti na idadi ya wafanyakazi. Msonobari usipochomwa mwaka mmoja hutaona tofauti. Usipochomwa miaka 10 hutauona mche.

Naweza kwenda kuuona msitu huu na watoto?

Ndani ya kambi usijaribu bila kibali; kuna makombora ambayo hayajalipuka. Nenda Weymouth Woods, hifadhi ya jimbo iliyopo Southern Pines. Kigong'ota yupo, asubuhi na mapema ndiyo saa yake. Na katika hifadhi hiyo kuna msonobari ulioota mwaka 1548. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593, kwa hiyo mti huo ni mkubwa kwake kwa miaka 45. Mwanangu aliukumbatia akaniambia hauonekani mzee. Ni kweli, ni mwembamba. Umelelewa na mchanga usio na rutuba.

Siku ya moshi nifanye nini, na utaisha lini?

Funga madirisha, anua nguo, mwenye pumu abaki ndani na dawa yake mkononi. Barabarani washa taa za mbele na punguza mwendo, hasa alfajiri moshi unapolala chini pamoja na ukungu. Mama mkwe akipiga video na kuona anga lile, mwambie mapema kwamba si vita. Wangu alinisomea dua nzima kabla sijapata nafasi ya kusema.

Kwa kawaida hewa hutulia baada ya siku moja au mbili. Pita tena mahali pale baada ya wiki tatu: ardhi bado nyeusi, na juu yake majani waya yameshatoa ncha za kijani, fupi kama kucha. Kipande hicho hakitawashwa tena kwa miaka 3. Wiki ijayo ni zamu ya cha jirani.